Pacha wa kidijitali kiwandani: kiwango kipi kinashika wapi?

Swali: Nasimamia matengenezo kwenye kiwanda chenye pampu, kompresa na laini ya kufungashia. PLC zetu (kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo) ni za makampuni matatu tofauti, na mita za pampu za zamani zinaongea Modbus pekee, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya zamani. Tumeagizwa tujenge pacha wa kidijitali. Kila muuzaji anayekuja ana kiwango chake: wa kwanza anataja ISO 23247, wa pili OPC UA, wa tatu AAS, na kila mmoja anasema vya wenzake havina haja. Tufuate kipi, na usanifu tuuchore vipi ili tusije tukafungwa kwa muuzaji mmoja?

Jibu: Kila mmoja wao amekuambia kipande cha ukweli. Viwango hivyo vitatu havishindani. Kila kimoja kinashika kiungo chake: ISO 23247 inachora usanifu, OPC UA inatoa data kwenye mashine, na AAS inabeba maelezo ya kila kifaa. Mfumo mmoja mzuri unaweza kuvitumia vyote kwa pamoja. Kufungwa kwa muuzaji hutokea pale kiungo fulani kinapoachwa bila kiwango, naye akakiziba kwa kitu chake mwenyewe. Kwa hiyo chora viungo kwanza, ndipo uchague viwango.

Hata kabla ya kuchora, andika uamuzi mmoja ambao pacha atausaidia. "Tuone hali ya mitambo yetu" si uamuzi. "Tuifungue pampu P-101 kiwanda kitakaposimama mwezi ujao, au iendelee hadi mwisho wa mwaka" ni uamuzi. Sentensi ya namna hiyo ndiyo inayokuambia kipimwe nini, mara ngapi, na kwa usahihi gani. Nitaishika pampu hiyo hiyo hadi mwisho wa jibu.

Kubalianeni pia mnachokiita pacha. Picha ya pande tatu isiyopokea data ni modeli tu. Data ikitoka kwenye mtambo na kuingia kwenye modeli yenyewe, bila mtu kuiandika, lakini hakuna kinachorudi, hicho ni kivuli cha kidijitali. Pacha kamili ana njia mbili: anasoma mtambo, na matokeo yake yanarudi kuugusa. Kwa uamuzi wa matengenezo kivuli kinatosha kabisa, na ningebaki hapo mpaka hesabu zake ziaminike. Makampuni huuza vyote vitatu kwa jina moja, hivyo kwenye mkataba andika mwelekeo wa data waziwazi.

Sasa mchoro. ISO 23247 ilitoka mwaka 2021 ikiwa na sehemu nne, na sehemu ya pili ndiyo yenye usanifu. Inagawa mfumo katika kanda nne. Chini kabisa kuna vitu halisi vinavyofuatiliwa: wafanyakazi, vifaa, malighafi, michakato, majengo, mazingira, bidhaa na nyaraka. Juu yake kuna kanda ya mawasiliano na vifaa, yenye kazi mbili zilizotenganishwa makusudi: kukusanya data na kutuma amri. Kanda ya tatu ni ya pacha mwenyewe, pamoja na usawazishaji wake na kitu halisi, uigaji na uchambuzi. Ya juu ni ya watumiaji, yaani watu na programu nyingine kama za kupanga uzalishaji na matengenezo. Kiwango hiki hakikuchagulii itifaki, na ndiyo maana hakiwezi kuchukua nafasi ya OPC UA wala AAS. Muuzaji akikuambia bidhaa yake "ni ISO 23247", mwombe aichore juu ya kanda hizo nne, kisha aandike kwenye kila mshale unaovuka kanda itifaki na toleo lake. Mishale hiyo ndiyo ya kuweka kwenye mkataba.

Utasikia pia RAMI 4.0, iliyochapishwa kama IEC PAS 63088 mwaka 2017. Ni ramani nzuri ya mazungumzo kati ya makampuni makubwa, lakini kwa kiwanda kimoja kinachoanza haitakuongezea mengi.

Mshale wa kwanza unatoka kwenye mashine, na hapo OPC UA (IEC 62541) inastahili nafasi yake. Kila thamani inayokuja kwa OPC UA huja na hali ya ubora na mihuri ya wakati ya chanzo na ya seva. Hifadhi thamani, ubora na muhuri wa chanzo, kwa UTC (saa moja ya dunia nzima). Mifumo mingi huhifadhi thamani pekee. Waya wa kihisi ukikatika, nambari ya mwisho hubaki kwenye skrini na pampu huonekana shwari wakati hakuna anayeipima.

Angalia pia usajili wa data, yaani mpango wa seva ya OPC UA kukutumia vipimo ulivyoomba. Kuna nambari tatu zinazokwenda pamoja: kipindi cha kupima, kipindi cha kutuma na urefu wa foleni. Ukipima kila milisekunde 100, ukatuma kila sekunde 1, na foleni ikawa 1, unapokea thamani moja kati ya kumi, tisa zimefutwa. Foleni ya 1 haiweki hata alama ya kufurika, hivyo hupati onyo lolote. Kwa mfano huu weka foleni ya 20, ili ibaki nafasi mtandao ukichelewa kidogo.

Zile mita za Modbus usizitupe. Modbus hutoa rejesta (visanduku vya kumbukumbu) za biti 16 bila jina, bila kizio cha kipimo, bila wakati. Nambari ya desimali ya biti 32 hukaa kwenye rejesta mbili, na watengenezaji hawafuati mpangilio mmoja wa ipi itangulie. Ijaribu pampu ikiwa inazunguka: ikiwa imezimwa, sifuri husomeka sifuri kwa mpangilio wowote, na kosa hubaki limejificha hadi siku ya kuwasha. Weka kifaa cha lango karibu na pampu kisome Modbus, kipachike jina, kizio na wakati, kisha kitoe kila kitu kama OPC UA. Saa za malango yote zifuate seva moja ya NTP, itifaki ya kusawazisha saa mtandaoni. PTP ya IEEE 1588, iliyo sahihi zaidi, inahitajika pale tu unapolinganisha matukio kwa usahihi ulio chini ya milisekunde, jambo ambalo matengenezo ya pampu hayahitaji.

Kutoka kiwandani kwenda kwenye seva ya pacha, MQTT, itifaki ya kutuma ujumbe kupitia seva ya kati iitwayo broka, kwenye mlango wa mtandao 8883 wenye usimbaji wa TLS, ni chaguo jepesi na imara. Ila MQTT yenyewe haisemi ujumbe uwe na umbo gani, na hapo ndipo kila muuzaji hubuni lake. Dai Sparkplug B, kiwango cha ujumbe wa MQTT ambacho sasa ni ISO/IEC 20237:2023. Pamoja na umbo la ujumbe, inaleta ujumbe wa kuzaliwa unaoorodhesha vipimo vyote vya kifaa, na ujumbe wa kifo ambao broka huutangaza mara lango linapopotea mtandaoni. Pacha akiupokea, anajua thamani alizonazo zimechacha.

Mtetemo una hesabu yake. Kihisi kinachosoma mara 25,600 kwa sekunde kwa biti 16 hutoa baiti 51,200 kila sekunde, ambazo kwa siku ni takriban GB 4.4 kwa kihisi kimoja. Usiibebe yote. Lango lihesabu palepale kasi ya mtetemo ya RMS (wastani wa nguvu yake) kwa milimita kwa sekunde, kati ya Hz 10 na 1,000 kama mfululizo wa ISO 20816 unavyotumia kwa mashine nyingi, litume nambari hiyo kila dakika, na lihifadhi wimbi ghafi la sekunde chache mara kadhaa kwa siku. Wimbi hilo ndilo fundi atakalolifungua beringi ikianza kuonyesha dalili.

Sasa niende polepole kidogo, maana hapa ndipo miradi mingi hufia: majina. P-101 ni nini? Kwa mwendeshaji ni mahali kwenye mchoro wa mabomba. Kwa fundi ni ile pampu yenye namba ya utengenezaji kwenye kibati chake. Vitu hivyo viwili vina maisha tofauti. Pampu ikienda karakana na ya akiba ikafungwa mahali pake, mahali pamebaki palepale lakini kifaa kimebadilika. Kama pacha anajua P-101 tu, kesho yake atachanganya historia ya pampu mbili, aone ufanisi umepanda ghafla, na modeli iliyokuwa ikijifunza uchakavu itajifunza upuuzi. Ile iliyotoka karakana nayo itafungwa kwingine ikiwa haina historia.

Kwa hiyo weka vitambulisho viwili tangu siku ya kwanza. Cha mahali kifuate ngazi za IEC 62264, inayojulikana zaidi kama ISA-95: kampuni, kiwanda, eneo, kituo cha kazi, kisha kitengo. Cha kifaa kiwe cha kudumu, kisichotegemea mahali. Njia safi ni kiungo cha kitambulisho kinachofuata IEC 61406, yaani anwani ya wavuti ya kipekee iliyochapwa kama msimbo wa QR kwenye kibati cha pampu. Kati ya hivyo viwili weka jedwali la ufungaji lenye safu nne: mahali, kifaa, tarehe ya kufungwa, tarehe ya kutolewa. Anayelijaza ni fundi anayefunga boliti, kwa simu yake, palepale alipo. Likiachwa lijazwe ofisini mwisho wa mwezi, litakuwa na makosa na hakuna programu itakayoyagundua.

Juu ya kitambulisho cha kifaa ndipo AAS inapokaa. Ni ganda sanifu la maelezo ya mtambo. Muundo wake umo kwenye IEC 63278-1 ya mwaka 2023, na shirika la IDTA ndilo linalochapisha modeli ndogo, yaani sehemu sanifu za maelezo, zinazowekwa ndani yake. Kwa kuanzia nne zinatosha: kibati cha kidijitali (IDTA 02006), data za kiufundi (02003), nyaraka za makabidhiano (02004) na data za mfululizo wa wakati (02008). Nguvu ya AAS iko kwenye kitambulisho cha maana kinachoambatana na kila sifa. Jina la mtengenezaji, kwa mfano, lina msimbo 0173-1#02-AAO677#002 kutoka kamusi ya ECLASS. Muuzaji mmoja akiliita kwa Kijerumani na mwingine kwa Kichina, programu inasoma msimbo na kujua ni kitu kilekile. Sifa isiyo na msimbo huo ni maandishi tu, hivyo unapopokea faili la AASX (AAS iliyofungwa kama faili moja) hesabu ni sifa ngapi hazina. Zikiwa nyingi, faili limejazwa ili kutimiza sharti la mkataba tu.

Kosa linalorudiwa mno ni kusukuma vipimo vya kila sekunde ndani ya AAS. Haikujengwa kwa kazi hiyo. Vipimo vikae kwenye hifadhidata ya mfululizo wa wakati, na modeli ndogo ya 02008 ielekeze tu vilipo na namna ya kuviomba; ina sehemu maalumu ya kiungo kwa ajili hiyo.

Tutazame pampu yenyewe kwa karibu. Tuseme mtiririko ni m³ 120 kwa saa, presha ya upande wa kunyonya ni bar 0.4, ya upande wa kusukuma bar 5.4, na umeme unaoingia kwenye mota ni kW 25. Tofauti ya presha ni bar 5.0, sawa na Pa 500,000. Ukizidisha kwa m³ 0.0333 kwa sekunde unapata kW 16.7 zinazoingia kwenye maji. Mota ikiwa na ufanisi wa asilimia 93, kwenye shafti kuna kW 23.25, na ufanisi wa pampu ni asilimia 72.

Chukulia sasa kihisi cha kunyonya kimebadilishwa, na kipya kinapima presha kamili badala ya presha juu ya ile ya hewa (ya geji). Kinasoma takriban bar 1.4. Vizio vyote viwili vimeandikwa "bar", skrini haina kasoro, lakini tofauti imekuwa bar 4.0 na ufanisi umeshuka hadi asilimia 57. Pacha anatangaza pampu imechakaa, kiwanda kinasimamishwa, impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) inatolewa na kukutwa nzima. Hakuna itifaki inayoweza kukuokoa hapo. Kinachookoa ni sifa yenye msimbo unaotofautisha presha kamili na presha ya geji, pamoja na kanuni ya kwamba badiliko la ghafla siku kihisi kilipobadilishwa lishukiwe kihisi kwanza. Kwa hiyo vihisi navyo viwe na vitambulisho na tarehe zao kwenye lile jedwali la ufungaji.

Hesabu pia shaka ya vipimo, yaani kiasi ambacho vinaweza kukosea, kabla hujaweka kengele. Mita ya mtiririko ikiwa na shaka ya asilimia 1, tofauti ya presha asilimia 0.5 na umeme asilimia 1, ukiziunganisha kwa mzizi wa jumla ya miraba unapata asilimia 1.5. Kwenye ufanisi wa 72 hiyo ni karibu pointi 1.1. Kushuka kwa pointi moja hakuna maana yoyote; kengele ianze kwenye pointi 3 zilizodumu siku kadhaa. Tena linganisha kwenye mtiririko uleule wa kwenye mchoro wa mtengenezaji, kwa kuwa ufanisi hubadilika na mtiririko hata pampu ikiwa mpya. Kama mota ina kidhibiti kasi, rudisha vipimo kwenye kasi ya kawaida kwanza: mtiririko hufuata kasi, urefu wa msukumo (kimo ambacho pampu inaweza kupandisha maji) hufuata mraba wake, na nguvu hufuata kipeo chake cha tatu. Kwenye asilimia 90 ya kasi, msukumo ni asilimia 81 na nguvu ni 73. Asiyefanya hivyo huona pampu "inachakaa" kila usiku mahitaji yanapopungua.

Modeli ya uigaji idai kwa FMI, kiwango kinachofunga modeli ndani ya faili moja liitwalo FMU. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2022, lakini 2.0 bado inasomwa na zana nyingi zaidi na inatosha kwa pampu. Kabla ya kupokea, lifungue hilo faili: ni zip ya kawaida, ndani yake kuna modelDescription.xml na folda ya binaries. Ukikuta win64 pekee na seva yako ni ya Linux, modeli haitawaka. Uliza pia kama FMU inahitaji leseni ya programu iliyoitengeneza kila inapoendeshwa. Hiyo ni njia ya kimyakimya ya kukufunga. Na kila matokeo yanayohifadhiwa yabebe toleo la modeli iliyoyatoa, la sivyo mwaka ujao hutaweza kueleza kwa nini ushauri ulibadilika.

Kuhusu usalama fuata IEC 62443, kiwango cha usalama wa mitandao ya viwandani: gawa mtandao katika kanda, na kila njia kati ya kanda iwe na sababu iliyoandikwa. Muunganisho uanzishwe kutoka ndani kwenda nje tu, ukipitia eneo la kati, pasiwe na mlango wa PLC unaofunguliwa kutoka nje. Kwenye OPC UA funga hali isiyo na ulinzi, tumia sera ya ulinzi ya Basic256Sha256 au mpya zaidi, yenye saini na usimbaji. Andika kwenye ratiba ya matengenezo tarehe za mwisho za vyeti vya kidijitali vya OPC UA, kama unavyoandika za mafuta ya beringi. Vilivyotolewa siku moja huisha siku moja, na pacha mzima hupofuka kwa pamoja.

Siku mtakapotaka pacha atume amri, aandike pendekezo tu kwenye rejesta maalumu, na PLC iamue. Ndani ya PLC kuwe na kiwango cha chini na cha juu, kasi ya juu ya mabadiliko, na kanuni kwamba pacha akinyamaza kwa muda uliowekwa, mtambo unarudi kwenye thamani iliyowekwa ndani ya PLC yenyewe. Mfumo wa usalama wa mchakato, ule wa IEC 61511, usiguswe na pacha kwa njia yoyote. Kuusoma anaruhusiwa, kuuandikia hapana.

Kuhusu hofu yako ya kufungwa, weka jaribio moja kwenye mkataba kabla ya malipo ya mwisho. Muuzaji akukabidhi AASX ya P-101, FMU yake na data za siku 30 zenye ubora na mihuri ya wakati. Timu yako, bila yeye kuwepo, ifungue AASX kwa Eclipse BaSyx na iendeshe FMU kwa FMPy, zote ni programu huria. Kisha ihesabu ufanisi wa pampu kwa siku tatu mtakazozichagua nyinyi. Nambari zikilingana na za kwenye skrini yake ndani ya shaka ile ya asilimia 1.5, saini. Zisipolingana, arudi akaeleze ni mshale upi kwenye mchoro uliobeba kitu ambacho hakikuandikwa.